Saa ya Riziki

Asubuhi ile binti wa fundi Wilondja alipobisha mlangoni kwangu, sikumuuliza anatafuta nini, kwa maana habari ya kifo cha baba yake ilikuwa imemtangulia. Nilidhani amekuja kwa viti, au kwa ile sufuria yangu kubwa; hivyo ndivyo tunavyosaidiana hapa Baraka pakiwa na matanga. Akakaa, akanywa maji, akasema viti wamepata na sufuria wamepata. Walichokuwa wanaomba ni kile kitambaa changu cha zamani, wakitundike ukutani nyuma ya mahali watakapomlaza baba yao, badala ya mapazia ya kukodi. Nilishtuka. Nilimwambia kitambaa kimezeeka, rangi zimekwenda, tena kina tundu upande wa chini. Akaniangalia kwa macho ya baba yake. “Tunajua ile tundu, mama,” akasema. “Njo juu yake tumekuja.” Yaani, tundu lenyewe ndiyo sababu.

Alipoondoka nilikitoa sandukuni, nikakitandaza kitandani, nikakaa pembeni yake kama mtu anayekaa na mgonjwa. Mimi si mtu wa kuandika vitabu. Shule niliiacha darasa la sita. Ila nimezoea kuandika kidogo jioni, mambo ya siku hiyo, na mara nyingi nikisoma kesho yake naona nimemwonea mtu, basi nafuta. Hapa nitajaribu kutomwonea mtu, hata Mama Zaina. Hasa Mama Zaina. Habari za ukoo wangu naziacha, kwa sababu hazikushona kitu. Nataka kukumbuka mwaka mmoja tu, ule wa kwanza baada ya sisi kurudi kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, ng’ambo ya ziwa, nilipokuwa msichana asiyejua kama anachofanya ni kazi au ni wazimu. Hata leo sijui vizuri, lakini leo haininyimi usingizi.

Atelye ya fundi Wilondja ilikuwa chumba kimoja cha kushonea nguo karibu na soko. Ukuta ulikuwa wa matofali ya kuchoma, na juu nusu ilikuwa bati, nusu shitingi, yale maturubai meupe ya msaada ambayo kila familia ilirudi nayo imeyakunja kama mali. Jua likipita kwenye shitingi, chumba kizima kilikuwa na mwanga wa maziwa, na sijapata tena mwanga mzuri kama ule wa kushonea. Mashini zilikuwa tatu. Ya fundi ilikaa mlangoni, apate kuona barabara na barabara imwone yeye. Ya pili ilikuwa ya Apendeki, rafiki yangu, ambaye siku hizi anaishi mbali sana ng’ambo na ananitumia sauti yake kwa simu akicheka vilevile. Yangu ilikuwa ukutani, na kanyagio lake lililia kama mbuzi. Palinuka mafuta ya mashini, makaa ya pasi, na ndakala, wale dagaa wetu, waliokuwa wanakaushwa mchangani nyuma ya soko. Kando ya ukuta palikuwa na benchi ya wateja, na benchi hiyo ndiyo iliyokuwa redio yetu. Huko nilisikia nani mume wake amekwenda kuchimba dhahabu Misisi na hajatuma neno, nani ameshindwa kupatana na ndugu aliyekuta amejenga kwenye kiwanja chake, nani alivuka ziwa na cherehani kichwani na nani alivuka na jina lake tu. Mimi nilikuwa napeleka mguu kwenye kanyagio na masikio kwenye benchi.

Kazi yenyewe ilikuwa inifomu. Watoto wote waliorudi walitaka shule, na shule ilitaka bluu na nyeupe. Nilishona bluu mpaka nikifumba macho naona bluu. Labda ndipo kitu hiki kilipoanzia, sina hakika. Siku moja nilifagia mabaki ya bluu chini ya meza, nikayaona yamekaa moja juu ya lingine, giza kidogo hapa, mwanga kidogo pale, na nikaona ziwa. Sikuona kitu kinachofanana na ziwa. Niliona ziwa lenyewe, upande ule tuliovukia. Kambini nilikuwa nimejifunza kudarizi mashuka kama wasichana wote, maua mawili na “Karibu Mgeni”. Kudarizi ua hakukunisumbua kamwe. Ziwa lile lilinisumbua. Nilimwomba fundi mabaki ya bluu, akasema chukua, ni takataka. Lakini ziwa bila nchi kavu si kitu, na nchi kavu ilihitaji rangi nyingine, na rangi nyingine zote zilikuwa za watu.

Lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Hapa kwetu, mama akipeleka kikwembe chake, yaani kitenge, kwa fundi, siku ya kuchukua nguo anarudishiwa pia mabaki, hata yawe membamba kama kamba ya kiatu. Atayatumia kufunga mtoto kichwani, kushikia sufuria ya moto, au hatayatumia kabisa. Lakini ni yake, na atayadai. Fundi asiyerudisha mabaki anaitwa mla-bipande, na jina hilo likikushika hakuna atakayekuletea tena hata shati la kubana. Kwa hiyo sikuweza kuokota. Ilinibidi niombe. Nilikuwa na haya sana, lakini niliomba, kila mteja, kwa sauti ndogo, nikieleza nataka kushona picha. Wengine walinicheka. Mama mmoja akasema mbele ya benchi nzima, “Sisi tumetoka mu biraka, tunashukuru Mungu, na we unataka kuturudisha mu biraka?” Nisiseme alikosea. Kwa mtu aliyevaa kiraka kwa lazima, kiraka si urembo. Lakini wengine walinipa, na waliponipa walisema neno. Hiki nilizalia. Hiki kaka yangu alininunulia kabla hajapotea. Hiki sikukipenda hata siku moja, chukua chote.

Muda nao ulikuwa mgumu kuliko mabaki. Nyumbani kwa shangazi kulikuwa na maji ya kuchota, mihogo ya kutwanga, na taa moja ambayo haikuwa yangu. Sabato tulikuwa kanisani tangu asubuhi. Ikabaki saa sita ya mchana, mashini zinapopumzika na watu wanakula. Mama jirani alituletea bugali wa muhogo na ndakala katika mawese, au sombe, yale majani ya muhogo, siku ambayo ndakala hawakupatikana, na tulikula kwenye sinia moja chini ya dirisha. Mimi nilikuwa nakula haraka, tonge kubwa kubwa, nanawa, nakaa chini sakafuni na kitambaa magotini. Apendeki alisema, “We Riziki, siku moja utameza sindano, batakuzika uzi inatoka mu kinywa.” Wiki za kwanza fundi aliniacha nishone. Halafu akaweka sharti moja: inifomu hata moja isichelewe kwa ajili ya kitambaa hicho, wala kisinilie mwanga wa kazi. Nilikubali, na nikawa nashona inifomu haraka kuliko zamani, si kwa kupenda inifomu.

Kitambaa kikakua. Ziwa likawa bluu za shule. Mashua nilikata kwenye shitingi, kwa maana hata zile tulizopanda zilikuwa zimefunikwa shitingi. Milima ya Fizi niliijenga kwa vikwembe vya watu, mmoja juu ya mwingine. Mchanga ulikuwa gunia la unga wa msaada, limefumuliwa nyuzi. Kwa ndakala nilishonea vipande vya bati la kopo, vidogo sana, na kila nikikunja kitambaa vililia kidogo. Chini, kando ya maji, nikaweka nyumba moja. Nyumba ilikuwa na ukuta na paa, lakini mlango sikuupata. Kila kipande nilichojaribu kilifanya nyumba ionekane imefungwa.

Mlango nilipewa na mama wa maziwa. Alikuwa Munyamulenge, wa wale wafugaji wa milimani, jina lake Nyamwiza, alishuka kutoka milimani na maziwa katika vibuyu na madumu, akipita mlango kwa mlango kabla jua halijawa kali. Kwetu alikuwa anauzia fundi, akikaa mwisho kabisa wa benchi, nusu ya mwili nje. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na cha heshima. Alikuwa akiangalia kitambaa kila akija. Siku moja alifungua kitambaa alichozibia mdomo wa dumu, cha njano na duara nyekundu kama macho ya kuku, na kesho yake akakirudisha kimefuliwa, akaniwekea mkononi. “Hii, ya nyumba,” akasema. Nilikiweka mlangoni, na nyumba ikafunguka. Sikumuuliza alikitoa wapi. Ni kawaida yangu kutouliza, na sijui kama hiyo ni adabu au ni woga.

Sasa Mama Zaina. Alikuwa muuza samaki mwenye sauti, mkubwa wa mwili na wa moyo; aliongoza korali ya akina mama, na nguo za korali nzima zilikuwa zinashonwa kwetu. Alipenda haki, naye mwenyewe alikuwa mtu wa haki, nimeona akimrudishia pesa mteja aliyelipa zaidi. Mchana ule alikuja saa sita, akanikuta nimetandaza kitambaa sakafuni. Akainama kukisifu, kwa kweli alianza kwa kukisifu. Halafu kidole chake kikasimama kwenye mlango.

“Hii ni yangu,” akasema.

Benchi nzima ikageuka. Akaeleza kwamba alileta kikwembe cha njano na macho mekundu kabla ya Pasaka, akapewa nguo na kipande kimoja cha mabaki, na moyo wake siku zote ulimwambia kilikuwepo cha pili. Fundi akasema alikata ile nguo kwa mkono wake na alirudisha kila kitu. Apendeki akasema vikwembe vile vilikuja soko zima, nusu ya Baraka imevaa macho ya kuku. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililoweza kuthibitishwa. Mama Zaina hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa upole uliouma kuliko kelele, “Kama si yangu, mutoto wangu, sema nani alikupa.”

Nilikuwa na jibu. Apendeki alikuwa analijua, na alinikanyaga mguu nilitoe. Lakini miaka ile ilitosha kusema mtu fulani ametoka milimani, na maneno yaliyoanza kwenye kitambaa yanakwenda kumalizikia kwenye mambo ambayo kitambaa hakiyajui. Kwenye benchi walikaa watu waliofiwa katika vita vyetu na watu wa milimani, na huko milimani pia walikaa watu waliofiwa. Nikisema “mama wa maziwa”, kabla ya jioni soko lote lingesema mama wa maziwa ni mwizi, na hatashuka tena, na labda si yeye peke yake. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kama kukiri. Fundi akauliza mara ya pili nani alinipa. Nikasema, “Nilipewa, baba.” Akaniangalia. Nikasema tena, “Nilipewa.”

Nilichukua wembe, nikafumua mlango uzi kwa uzi, polepole nisichane, na nikampa Mama Zaina kipande chake kwa mikono miwili. Alikipokea. Akakileta puani, kama sisi wanawake tunavyonusa kila nguo, akakaa hivyo muda mfupi, macho yake juu yangu. Halafu akakifunga kwenye pembe ya kikwembe alichovaa na kuondoka. Fundi akafunga macho kidogo. “Binti yangu,” akasema, “kitambaa hiki kisikae hapa tena. Kazi hii inakula juu ya jina. Jina likichafuka, sisi watatu tutakula nini?” Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa na watoto, alikuwa na Apendeki, alikuwa na mimi. Nilikunja kitambaa na ndakala wake wa bati wakilia, nikakipeleka kwa shangazi, nikakiweka chini ya magunia ya mihogo.

Saa sita zikawa saa za kula. Nilijifunza kula polepole. Apendeki alijaribu kunichekesha, akiniambia sasa nitanenepa nipate mchumba, na kweli nilinenepa. Nilidhani uchungu utakuwa kwa ajili ya kitambaa, lakini haukuwa hivyo. Ulikuwa kwa ajili ya ule wakati. Siku nzima iliyojaa kazi tupu inafanana na nyumba isiyo na dirisha; unaishi, ndiyo, lakini hujui kama nje kuna jua. Mama Zaina hakuhamisha nguo za korali yake kwetu, na lazima niseme hili waziwazi: hakumwambia mtu yeyote sokoni neno lolote juu yangu. Nilingoja jina la mla-bipande linifikie, halikufika. Nyamwiza naye aliendelea kushuka. Aliona kitambaa hakipo, hakuuliza, na mimi sikumweleza.

Shule zikafunguliwa, inifomu zikapungua. Mchana mmoja, tulipokuwa tunanawa mikono, fundi akaniambia bila kugeuka nikilete kesho kile kitambaa. Nilifikiri anataka kukichoma. Hivyo ndivyo akili yangu inavyofanya kazi. Nikakileta. Saa sita ilipofika hakula. Alikitandaza juu ya meza ya kukatia, pale ambapo hata sisi hatukuruhusiwa kuweka kikombe, akaangalia lile tundu la mlango. Kisha akatoa mfukoni kipande cha neti ya kuvulia ndakala, cheusi, kilichochakaa, cha marehemu baba yake ambaye alikuwa mvuvi. Akaingiza uzi kwenye sindano mara tatu ndipo ukapita, maana alikuwa amezoea mashini. Hakushona kama fundi. Alifunga mafundo, fundo baada ya fundo, kama wavuvi wanavyofunga neti iliyoraruka, na mafundo yale yalikuwa mabaya kwa macho yangu na sijayagusa mpaka leo. Alipomaliza, ndani ya mlango ule uliweza kuona kitu kilicho nyuma, meza, mkono wako, chochote.

Akanywa maziwa yake yaliyokuwa yamebaki tangu asubuhi. Akaweka kikombe chini. “Maziwa ya huyu mama ni mazuri,” akasema. “Asiache kutuletea.” Hapo nikajua kwamba anajua. Sijui aliambiwa na Apendeki au alitumia akili. Halafu akakunja kitambaa, akanirudishia, na akasema lile neno ambalo atelye yake iliendelea kulisema mpaka sisi wote tukazeeka:

“Saa zote ni za riziki. Saa sita ni ya Riziki.”

Apendeki akacheka mpaka akashika ukuta. Ikawa jina. Wateja waliokuja mchana waliambiwa, “Ngojeni, ni saa ya Riziki,” na walikaa kwenye benchi wakingoja, na baadhi yao walianza kuja na mabaki mkononi. Nimeshona tangu hapo vitambaa vingine, vikubwa kuliko kile na pengine vizuri zaidi, siwezi kupima. Nimeolewa, nimezaa, nina mashini yangu mwenyewe na wasichana wawili ninaowafundisha, na bado tunakula haraka. Kazi haikuniachia muda hata mwaka mmoja. Muda niliupata ndani ya kazi, mahali pembamba, pale pale mtu mwingine aliposogea kidogo.

Basi kitambaa kikatundikwa kwenye matanga. Kilionekana kidogo kuliko nilivyokikumbuka, na upepo ukiingia ndakala walilia juu ya kichwa cha fundi. Watu walikuja kutoka Mboko, kutoka Lulimba, wengine wakiwa wamevaa nguo alizowashonea. Nilikaa nyuma pamoja na wanaopika, nikiogopa mtu atauliza kwa nini wameweka viraka mbele ya marehemu. Hakuna aliyeuliza. Halafu nikaona Mama Zaina anaingia. Amekwisha kupungua mwili, anatembea kwa fimbo, mjukuu wake wa kike amemshika kiwiko. Alimwaga machozi kwa fundi kama inavyotakiwa. Alipomaliza hakuondoka. Akainua fimbo, akaielekeza kwenye mlango wa neti, akamwambia mjukuu kwa sauti ile ile ya sokoni, “Unaona pale? Pale njo pangu.”

Nilisogea, sijui kwa nini. Labda nilitaka kusalimia tu. Alinishika mkono bila kuniangalia.

“Ile neti, nani aliweka?”

“Fundi mwenyewe, mama.”

Akatikisa kichwa polepole. “Basi pale tuko babili, mi na fundi.” Akavuta kiti, akakaa chini ya kitambaa, akaniomba nikae. Korali ilikuwa imeanza wimbo. Akaniinamia sikioni.

“Ile kipande ilikuwa inanuka maziwa,” akasema. “Mi nauzishaga samaki. Nilijua siku ile ile haikuwa yangu.”

Aliingia kwenye wimbo katikati ya ubeti, sauti yake bado ni kubwa. Nilikaa naye mpaka walipokuja kumchukua fundi. Jioni niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Kesho yake saa sita niliyasoma tena, sindano ikiwa mkononi, nikitafuta kama kuna mtu nimemwonea. Sikufuta kitu.